Utamu wa Nax Haukuanza na Keki

Wasee wa Nax, hili swali mmeniuliza mpaka nikaamua kulijibu mara moja: nikitaka kumpeleka mtu mahali pa kula kitu kitamu hapa tao, niende wapi? Na kila wiki kuna mtu ametoa video ya "sehemu kumi tamu Nakuru". Nimeziangalia karibu zote. Zinaanza mahali pamoja: meza nyeupe, taa za kuning'inia, kipande cha keki nyekundu cha soo nne na dem anayekipiga picha kabla hajakionja.

Mimi sina noma na keki nyekundu. Nikiwa na pesa naila. Lakini ukiangalia hizo video unaweza kudhani utamu ulifika Nakuru juzi, ukiwa umefungwa pamoja na ile karatasi ya kutufanya jiji ambayo Rais Uhuru Kenyatta alituletea tarehe 1 Desemba 2021. Zii. Kila kitu kitamu tunachokula hapa kina njia kilichopitia, na ukifuata hiyo njia unafika kwa mambo mazito: nani alifukuzwa wapi, nani alikatazwa kumiliki nini, nani alikula krimu na nani akaachiwa maji. Hii historia hatukufunzwa darasani. Chuo nacho niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo nimeitafuta mwenyewe.

Tuanze kule juu. Asubuhi isiyo na ukungu, panda mahali pa juu hapa mjini uangalie upande wa magharibi. Ule mstari wa milima yenye rangi ya moshi ni Mau. Mto Njoro unatoka huko, unapita mashambani, unakuja kumwaga maji kwenye ziwa letu. Na muda mrefu kabla mtu yeyote hajajenga duka hapa chini, watu wa huko juu walikuwa na kitu kitamu kuliko chochote utakachopata mjini leo. Hao ni Waogiek, na kitu chenyewe ni asali.

Usifikirie mtu anaokota asali kwa bahati. Ilikuwa kazi yenye mpango. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake cha msitu, kipande kirefu kinachopanda kutoka sehemu za chini zenye joto mpaka juu kabisa kwenye baridi. Sababu ni maua. Miti ya chini haichanui wakati mmoja na miti ya juu, kwa hivyo ukiwa na kipande kinachopanda mlima, nyuki wako wanapata maua miezi tofauti, na wewe unapanda na kushuka ukifuata msimu. Asali ya msimu huu haina rangi ya ile ya msimu uliopita, na ladha pia inabadilika. Mizinga ilichongwa kutoka kwa magogo, mti wa mwangati ukipendwa kwa sababu hauozi haraka, kisha ikapandishwa juu ya miti. Na kuna ndege. Huyu ndege anapiga kelele, anaruka mti hadi mti, anakupeleka mpaka kwa nyuki, halafu anangoja wewe ufungue ndipo ale nta na majana yaliyobaki. Mtu na ndege wa porini wana biashara ya pamoja! Nionyeshe mgahawa wenye ushirikiano kama huo.

Asali ilikuwa chakula, dawa, na pombe ya sherehe. Ilikuwa mahari, bila asali hukuwa unaenda kuomba mke wa mtu. Ilikuwa pia pesa: Waogiek walibadilishana asali kwa mifugo na Wamaasai. Wamaasai wenyewe waliwaita jina lenye maana ya maskini wasio na ng'ombe, na wazungu walipokuja wakalichukua hilo jina wakaliandika "Dorobo" kwenye makaratasi yao. Yaani mtu mwenye msitu mzima wa asali anaandikwa maskini kwa sababu hana ng'ombe.

Hapo kwa makaratasi ndipo shida ilianzia. Serikali ya kikoloni ilifanya msitu kuwa hifadhi yake, na Tume ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 1932 hadi 1933, ile wanayoiita Tume ya Carter, ikapendekeza Waogiek wamezwe ndani ya makabila makubwa, waishi kwenye maeneo yao. Uhuru ulipokuja ungedhani mambo yatabadilika. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kutoka kwa hifadhi ya msitu ili watu wagawiwe ardhi. Halafu miti ilipoisha na mito ikaanza kukauka, Oktoba 2009 Waogiek wakapewa notisi ya siku 30 watoke, eti waokoe msitu. Fikiria hilo kidogo. Aliyeishi na nyuki, ambaye bila miti hana kazi, ndiye anaambiwa anaharibu miti.

Wakaenda kortini. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema Kenya ilivunja haki zao. Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, na shilingi 100,000,000 kwa maumivu, pamoja na agizo la kuwarudishia ardhi yao kwa hati ya pamoja. Mwisho wa 2023 nyumba zilikuwa bado zinabomolewa upande wa Narok. Ndiyo maana nikiona mtungi wa asali ya Mau pale kwa rafu, mimi siioni kama kitu cha kuongeza kwa chai tu. Kuna kesi nzima ndani ya huo mtungi. Asali ya kweli ya Waogiek ipo, ukienda upande wa Mariashoni, juu ya Elburgon, watu bado wanavuna na kuuza. Ni ghali kuliko ile ya chupa za plastiki za barabarani, ambayo nusu yake mimi naishuku ni sukari iliyochemshwa. Lipa hiyo bei.

Sasa sukari.

Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika hapa 1900, na mwisho wa 1901 ikagusa ziwa kule Kisumu. Kabla ya reli, kufikisha gunia la sukari hapa ilikuwa kazi ya kubeba kwa kichwa kutoka pwani. Baada ya reli, gunia linapanda treni. Nakuru yenyewe ni mtoto wa stesheni. Bila ile stesheni hapa pangekuwa na vumbi, flamingo na Wamaasai wakipita na ng'ombe.

Waliojenga reli ni Wahindi karibu 32,000 walioletwa kwa mkataba. Wengi walirudi kwao, wengine wengi walikufa, na kama 6,700 wakabaki. Pamoja nao walikuja wafanyabiashara, na mkubwa wao alikuwa Allidina Visram, ambaye alifungua maduka kufuatana na reli. Dukani kulikuwa na chumvi, nguo, mafuta ya taa, sukari, na sukari nguru, ile ya kahawia inayouzwa kwa vipande. Sukari nguru ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Pombe ya asali, ile muratina ya Wakikuyu inayochachushwa na tunda la mwegea, ilihitaji asali nyingi na subira nyingi. Sukari nguru ilikuwa rahisi na ya haraka, na mtu wa mfukoni mtupu akaanza kuweka sukari mahali pa asali. Hapo ndipo asali ilianza kushuka kutoka kuwa pesa na mahari hadi kuwa kitu cha kupaka kwa mkate.

Kwa nini Wahindi walibaki mjini na hawakuwa wakulima kama wazungu? Hawakuruhusiwa. Ardhi yote nzuri ya hapa, kuanzia Naivasha hadi Molo, ilitengwa kuwa ya wazungu pekee, na serikali ya Uingereza ikaweka msimamo huo rasmi tena kwa Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923. Mhindi angeweza kuwa na duka, karakana au kiwanda kidogo, shamba hapana. Kwa hivyo utamu wa Kihindi ukakwama katikati ya mji, na mpaka leo huko ndiko uliko: jalebi za rangi ya chungwa zinazotoka kwa mafuta zikadumbukizwa kwenye shira, barfi ya maziwa iliyokatwa vipande vya mraba, ladu, gulab jamun. Wakati wa Diwali tembea mitaa ya maduka ya kale ya tao uone masanduku yanavyobebwa. Na ukitaka kitu kitamu bila senti, Masingasinga kwenye gurdwara yao wanampa kila anayeingia kwa heshima kipande cha halua ya ngano, samli na sukari, moto, kwenye kiganja cha mkono. Vua viatu, funika kichwa, pokea kwa mikono miwili. Hakuna anayekuuliza kabila wala dini. Katika mji huu, hiyo si kitu kidogo.

Lakini sehemu ya hii historia inayonichoma zaidi ni maziwa.

Ukitoka Nairobi na mat ukafika Naivasha, si lazima dere asimame pale Delamere? Kila mtu anashuka, anachukua yogati. Hiyo jina kila mtu analijua kama jina la yogati. Lord Delamere, mwenye jina, alipewa mwaka 1903 ekari 100,000 pale Njoro, akaziita Equator Ranch. Baadaye akachukua Soysambu kando ya ziwa Elmenteita. Mwaka 1915 sheria ya ardhi ikabadilishwa ili walowezi wapate mikataba ya miaka 999. Wewe leo unapewa mkopo wa simu wa siku 30, mzungu alipewa shamba la miaka 999.

Walowezi walileta ng'ombe wa maziwa kutoka kwao na wakaunda vyama. Cha kwanza kilikuwa Lumbwa, sasa Kipkelion, mwaka 1908. Mwaka 1925 wakaanzisha Kenya Co-operative Creameries, KCC ile ile unayoijua, makao yakiwa Naivasha. Sasa sikiliza jinsi ilivyofanya kazi. Shambani kuna mashine ya kuzungusha maziwa mpaka krimu inajitenga. Krimu ndiyo pesa: inawekwa kwa madebe, inapelekwa stesheni, inaenda kiwandani kuwa siagi, nyingine inavuka bahari. Maziwa yaliyobaki, mepesi kama maji ya kuoshea mchele, yanabaki shambani. Yananywewa na ndama, na nguruwe, na watoto wa vibarua.

Vibarua hao ni nyanya na guka zetu. Familia nyingi za Nakuru, Njoro, Molo, Subukia, Bahati zilianza kwa namna hiyo, kama maskwota kwenye shamba la mzungu, kwa sheria ya mwaka 1918 iliyowalazimisha kufanya kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa na kulima kijishamba. Walikamua. Krimu waliiona ikipita. Mwafrika hakuanza kusukumwa mbele kwenye ufugaji wa ng'ombe wa gredi mpaka Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, tena katikati ya hali ya hatari, na lengo kubwa lilikuwa kupata watu wenye mali ambao hawangetaka vita.

Kwa hivyo kama una nyanya anayependa chai ya maziwa mazito mpaka inakuwa nyeupe kama karatasi, na anayekasirika ukimletea chai ya rangi, usimcheke. Kuna watu walikamua miaka yote hiyo bila kuonja kilicho juu.

Halafu wazazi wetu wakapata Maziwa ya Nyayo. Rais Moi aliyaanzisha 1979, watoto wa shule za msingi nchi nzima wakapewa pakiti ya pembe tatu bure. Muulize mzazi wako aliyesoma miaka hiyo ya themanini, macho yatawaka. Watakwambia vile walivyopuliza pakiti tupu wakairukia ipasuke. Ile programu ilikufa polepole na KCC nayo ikaporwa ikaanguka, mpaka serikali ikairudisha mwaka 2003 kama New KCC. Ninaweza kumkosoa Moi kwa mambo mia moja na sitamaliza leo, lakini kwa hili la maziwa, watoto walikunywa.

Ngano ina hadithi fupi kidogo. Delamere alijaribu ngano pale Njoro, ikaliwa na kutu, ule ugonjwa unaofanya majani yawe mekundu kama chuma cha zamani. Alipoteza pesa nyingi sana akitafuta mbegu inayostahimili. Mwaka 1908 alikuwa ameanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Ndiyo, ile ile. Na Njoro haijaacha kupigana na kutu. Ugonjwa mpya uliogunduliwa Uganda karibu mwaka 1999, unaoitwa Ug99, ulitisha dunia nzima, na nchi nyingi zikaanza kutuma mbegu zao zipandwe kwenye kituo cha utafiti cha Njoro ili waone zipi zitapona. Mkate unaoliwa mbali sana na hapa huenda mbegu yake ilipita Njoro kwanza kufanya mtihani. Hiyo ni sifa, na sijawahi kuona video yake hata moja.

Ngano, siagi, mayai na sukari vikikutana unapata keki. Keki ilifika kupitia jiko la mzungu, na mikono iliyoioka ilikuwa ya Waafrika. Mwaka 1928 akina mama wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walitoa kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya, na ndani wakaweka maelezo kwa Kiswahili ili mpishi aelewe. Kile Kiswahili cha amri, fanya hii, leta ile. Wanaume wa Kiafrika, maana wapishi wengi walikuwa wanaume, walioka keki za Krismasi za nyumba ambazo wao wenyewe waliingilia mlango wa nyuma. Hawa ndio waokaji wetu wa kwanza na hakuna hata mmoja tunayemjua kwa jina.

Lugha yenyewe imeweka hii historia yote, ukiiangalia vizuri. Asali na sukari ni maneno yaliyopitia kwa Waarabu. Mahamri jina lake linatoka kwa hamira, ile inayoumua unga. Kaimati ni neno la Kiarabu la matonge madogo. Keki ni Kiingereza tupu. Peremende ninaipenda zaidi: ni "peppermint" iliyosikika na masikio ya Kiswahili. Mtu alionja switi ya mnanaa, akauliza inaitwaje, akasema alichosikia, na tangu siku hiyo kila switi ikawa peremende.

Na kuna jina moja ambalo naweza kukupa umri wake bila kufungua kitabu. KDF. Si jeshi, ile andazi kubwa, nzito, ya kukaa tumboni mpaka jioni, inayouzwa kwa vibanda vya chai kuanzia Kaptembwo hadi Free Area. Jeshi letu halikuitwa KDF rasmi mpaka Katiba ya 2010. Kwa hivyo andazi yenyewe inaweza kuwa ya kale kama ngumu, lakini jina ni changa kuliko wengi wenu mnaosoma hapa. Mtu fulani kwa kibanda fulani aliangalia lile andazi, akafikiria Somalia 2011 vile jeshi lilikuwa kwa habari kila siku, akacheka, akalibatiza. Hakulipwa chochote kwa huo ubunifu. Siku hizi kampuni ingeajiri watu watatu kufikiria jina kama hilo.

Sasa lazima niongee kuhusu meno, kwa sababu huwezi kuandika kuhusu vitu vitamu Nakuru ukaruka meno.

Wengi wetu hapa tumekua tukiwa na meno ya kahawia. Mimi pia nina madoa mawili mbele, ndiyo maana picha zangu za zamani sicheki. Shuleni tuliambiwa ni switi. Ati unakula switi sana, hupigi mswaki. Kuna watoto walichapwa kwa ajili hiyo, na kuna watu wazima mpaka leo wanaweka mkono mdomoni wakicheka. Ukweli ni kwamba hayo madoa yanatoka kwa maji. Bonde la Ufa limejengwa na volkano, na mawe yake yana floridi nyingi inayoyeyuka kwenye maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linasema floridi isipite miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huku vinapita, vingine mara kadhaa. Ukiyanywa hayo maji ukiwa mtoto, wakati meno yako ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya fizi, yanatoka na madoa tayari. Unaweza kuwa hujaguswa na switi hata moja.

Nakwambia hivi ili usichanganye. Switi inatoboa meno, hilo ni kweli, na soda ya kila siku itakumaliza. Lakini rangi ya kahawia si ushahidi wa uchafu wala ulafi. Ni ushahidi kwamba ulizaliwa Bonde la Ufa na familia yako haikuwa na pesa ya kununua maji. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ina mradi wa miaka mingi wa kuchuja floridi kwa kutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa makaa. Mifupa! Inafanya kazi. Kama una mdogo wako nyumbani chini ya miaka minane na mnakunywa maji ya kisima, hilo ndilo jambo la haraka kuliko kila kitu nilichoandika hapa. Uliza mahali maji yaliyochujwa yanauzwa karibu nanyi. Wewe na mimi meno yetu yashapita.

Supermaketi nitapita haraka kwa sababu mnazijua. Nakumatt ilikuwa Nakuru Mattress, duka la magodoro la hapa hapa, kabla ya kwenda kuwa jitu na kuanguka. Naivas ilianza Rongai yetu mwaka 1990, na Tuskys ilitoka kwa familia hiyo hiyo. Hizi ndizo zilizoweka keki ya bathdei mahali mtoto wa kawaida anaweza kuiona, nyuma ya kioo, hata kama hanunui. Kizazi chetu kilikua kikipitia hapo na mama, ukivuta sketi, ukiambiwa "tutanunua mwisho wa mwezi".

Halafu ikaja 2020. Shule zikafungwa Machi, kazi zikaisha, na watu wengi wa umri wetu wakaingia jikoni na simu. Waokaji wengi ninaowajua Nax walianza huo mwaka: oveni ndogo ya mezani, au sufuria yenye mchanga juu ya jiko, oda kwa WhatsApp, pesa kwa M-Pesa, keki inapelekwa na nduthi ikiwa imeshikwa kama mtoto mchanga. Mwaka 2023 kilo ya sukari ilipovuka shilingi 200, wengi walipunguza saizi au wakafunga. Waliobaki ni wagumu kuliko ngumu yenyewe. Hawana meza nyeupe wala taa za kuning'inia kwa hivyo hawaingii kwenye video za sehemu kumi. Ukitaka kutumia soo nne zako, tafuta mmoja mtaani kwenu kwanza. Mpigie siku mbili mapema, lipa deposit, na usimwambie "nifanyie bei ya rafiki". Bei ya rafiki ni bei kamili.

Haya, mlitaka mahali pa kwenda. Miwa: wale wa mikokoteni karibu na stage, chagua wa kisu kisafi, mwambie amenye ukiona. Maziwa na yogati: panda mat ya Njoro, chuo cha Egerton kinatengeneza yake, na kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa kizungu, kwa hivyo kunywa ukijua umekaa kwa kiti cha nani. Mabuyu: yanapanda kutoka pwani, yanauzwa kila mahali, mekundu mpaka ulimi unakusaliti.

Na Bondeni. Hii nimeiweka mwisho makusudi. Bondeni ni kati ya mitaa ya kale ya Waafrika hapa mjini, na Waislamu wa kila asili wamekaa hapo pamoja vizazi kadhaa. Akina mama wa huko ndio waliotuletea mapishi ya pwani yakawa yetu: mahamri yenye iliki, visheti, kashata, vitumbua, kaimati zilizopakwa shira. Hakuna bango wala jina la duka. Kuna meza, karai, kijana wa kupokea pesa, na mama ambaye ukimsalimu vizuri anakuongezea moja. Nenda mwezi wa Ramadhani, ufike saa kumi na moja jioni, si saa kumi na mbili na nusu. Adhana ikishapigwa kila mtu ameenda kufuturu, na kaimati huwa zimeisha.